Baskeli ya gia 21 haina gia 21: sproketi moja ya mbele inapunguza nini hasa?

Kuna ubishi unaozunguka kwenye vibanda vya mafundi baskeli, Mjini na shamba. Umetokana na baskeli mpya za milimani zinazoonekana siku hizi zikiwa na sproketi moja tu mbele, penye pedeli, badala ya tatu tulizozizoea. Mmoja anasema hizo ni baskeli za rahisi, kiwanda kimebana matumizi. Mwengine anasema ni mtindo wa vijana na utapita. Wa tatu keshavutiwa, anamwendea fundi: "Ami, n'tolee hizi za mbele, n'wachie moja tu." Fundi anamtazama, anamwambia kwamba baskeli ya gia 21 ukiifanya ya gia 7 umeshaiua.

Ubishi hauishi kwa sababu pande zote zinahesabu kitu kimoja ambacho hakisemi mengi, nacho ni idadi ya gia. Kinachotakiwa kupimwa ni masafa inayokwenda baskeli pedeli ikizunguka mara moja, kwenye gia nyepesi kabisa na kwenye gia nzito kabisa. Ukishazipata namba hizo mbili, utajua mwenyewe kama sproketi moja inakufaa, na utajua iwe ya meno mangapi. Hesabu yake ni ya kugawanya tu, mtoto wa skuli ya msingi anaiweza.

Majina kwanza

Sproketi ni duara la chuma lenye meno yanayoshika mnyororo. Zile zilizofungwa pamoja na krenki, yaani ile mikono miwili inayobeba pedeli, ndizo sproketi za mbele. Nyuma, kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, kuna rundo la sproketi zilizopangwa kutoka ndogo hadi kubwa. Rundo hilo ni la aina mbili, na tofauti yake itatuhusu sana huko chini. Kuna friwili, ambayo ni kitu kizima kinachoskurubiwa kwenye habu pamoja na ule mtambo wake unaolia ukiacha kukanyaga. Na kuna kaseti, ambayo ni sproketi tupu zinazochomekwa kwenye habu yenye mtambo huo ndani yake tayari. Baskeli nyingi za bei ya kawaida za gia 18 na gia 21 zina friwili.

Kifaa kinachousukuma mnyororo kutoka sproketi moja kwenda nyengine nitakiita kihamishi. Baskeli ya gia 21 inavyo viwili. Cha mbele ni kile kizimba chembamba cha bati kilichokaa juu ya sproketi za mbele, na cha nyuma ni ule mkono wenye vigurudumu viwili vidogo. Kila kimoja kina waya wake na liva yake kwenye usukani. Namba 21 imetoka kwenye kuzidisha: 3 za mbele mara 7 za nyuma. Kuigeuza baskeli iwe ya sproketi moja, basi, ni kuondoa sproketi mbili za mbele, kihamishi cha mbele, waya wake, na liva ya mkono wa kushoto. Gia za nyuma zinabaki na zinafanya kazi zote.

Wengi wanaposikia "sproketi moja" wanafikiria zile Phoenix za Kichina, nyeusi, zenye karia nzito. Zile zina sproketi moja mbele na moja nyuma, na hakuna cha kubadilisha. Hilo ni jambo jengine kabisa, na ndilo linalowafanya watu waone kwamba kijana anayetaka kuondoa sproketi za mbele anarudi nyuma miaka hamsini. Baskeli ninayoizungumza mimi ina moja mbele, lakini nyuma zimo 7, au 8, au hata 12.

Kugawanya meno

Chukua idadi ya meno ya sproketi ya mbele uigawe kwa idadi ya meno ya ile ya nyuma ambayo mnyororo umekaa. Mbele 42, nyuma 14, jibu ni 3. Maana yake pedeli ikizunguka mara moja, gurudumu la nyuma linazunguka mara 3. Gurudumu la inchi 26 lenye tairi la kawaida la milimani lina mzingo wa takriban mita 2.05. Kwa hiyo mzunguko mmoja wa pedeli umekusogeza mita 6.15. Hiyo ni gia nzito, ya barabara tambarare na upepo wa mgongoni. Sasa hamisha mnyororo, mbele 24, nyuma 28. Gurudumu halimalizi hata mzunguko mmoja, na wewe umesogea mita 1.76 tu. Hiyo ni gia nyepesi, ya kupandia.

Gia haimuongezei mtu nguvu. Inachofanya ni kumpa hiari ama aende mbali kwa kila mzunguko na akanyage kwa uzito, ama aende karibu na akanyage kwa wepesi. Umbali uliopo kati ya gia nyepesi kabisa na nzito kabisa ndio nitakaouita upana. Katika mfano huu nzito ina uwiano wa 3.00 na nyepesi 0.86, kwa hiyo nzito ni mara 3.5 ya nyepesi. Upana wa baskeli hiyo ni 3.5.

Zile 21 ziko wapi?

Mfano wangu ni baskeli ya gia 21 ya aina ya kawaida sana: mbele meno 24, 34 na 42, nyuma meno 14, 16, 18, 20, 22, 24 na 28. Yako inaweza kuwa na meno tofauti kidogo. Yahesabu, kwani mpango wake hautokwenda mbali na huu.

Piga uwiano wa gia zote 21, halafu uzipange kwa ukubwa. 42 kwa 28 inatoa 1.50. 24 kwa 16 inatoa 1.50 vilevile. 34 kwa 20 ni 1.70, na 24 kwa 14 ni 1.71. 34 kwa 28 ni 1.21, na 24 kwa 20 ni 1.20. 42 kwa 20 ni 2.10, na 34 kwa 16 ni 2.13. Hakuna mguu unaoweza kuzitofautisha namba hizo. Ukizikusanya zinazojirudia na kuzihesabu kuwa moja, katika gia 21 unabakiwa na 14.

Chukua ngazi tatu, moja ndefu, moja ya kati na moja fupi, uziegemeze kwenye ukuta mmoja. Kila moja ina vidato saba. Jumla ni vidato 21, ni kweli, lakini vingi viko usawa mmoja, na anayepanda hapati urefu mpya kwa kuruka kutoka kidato cha ngazi hii kwenda kidato cha ngazi ya pili kilicho sambamba nacho. Anachofaidi kwa kuwa na ngazi tatu ni kidogo kilichozidi juu na kidogo kilichozidi chini.

Na hicho kidogo cha juu na chini ndicho hasa unachokiacha ukibaki na sproketi ya kati peke yake. 34 ya mbele na rundo la 14 hadi 28 nyuma inakupa mita 4.98 kwenye gia nzito na mita 2.49 kwenye nyepesi. Upana umeshuka kutoka 3.5 hadi 2. Hapo yule fundi aliyekataa ana haki yake. Ukiziondoa mbili za mbele na nyuma usiguse kitu, umekata kweli. Kosa lake ni kudhani kwamba upana hauwezi kurudishwa kwa njia nyengine.

Upana unarudi kwa nyuma. Badala ya sproketi kubwa ya nyuma kuwa na meno 28, iwe na 34, au 40, au zaidi. Angalia hili: kuna kaseti za gia 8 zenye meno 11 hadi 40. Ukiifunga pamoja na sproketi moja ya meno 32 mbele, gia nzito inakupa mita 5.96 na nyepesi mita 1.64. Upana wake ni 3.64. Baskeli ya "gia 8" imeipita kwa upana ile ya "gia 21", inapanda kwa wepesi zaidi, na kwenye mbio imepungukiwa na sentimita 19 tu kwa kila mzunguko wa pedeli. Hasara yake iko katikati. Mruko kutoka gia moja kwenda ya pili ni mkubwa zaidi, na anayependa miguu yake izunguke kwa kasi ile ile muda wote ataona kuna gia anaitafuta haipo.

Kwa nini viwanda vimehamia huko

Zamani jambo hili lilishindikana kwa sababu mbili. Mnyororo uliokaa kwenye sproketi moja bila kizimba cha kuuchunga ulikuwa ukichomoka barabara ikiwa mbovu, na rundo la nyuma halikuwa pana la kutosha. Mwaka 2012 kampuni ya SRAM ya Marekani ilitoa seti iitwayo XX1, yenye sproketi moja mbele na 11 nyuma, meno 10 hadi 42. Sproketi yake ya mbele ilikuwa na meno yanayopishana, moja nene, moja jembamba. Ukiutazama mnyororo wowote wa baskeli utaona sababu: pingili zake nazo zinapishana, moja ina nafasi pana ndani, inayofuata ina nafasi nyembamba. Jino nene linaingia kwenye nafasi pana na kuijaza, mnyororo hauna pa kutikisikia. Ndiyo maana sproketi za namna hii huwa na meno ya idadi shufwa, 30, 32, 34, haziwezi kuwa 33.

Jambo la pili ni kihamishi cha nyuma chenye breki ndogo ndani ya kiungo chake, ambayo inauzuia mkono usirukeruke kwenye mashimo. Baada ya hapo upana ukazidi kukua. SRAM walifika gia 12 zenye meno 10 hadi 50 mwaka 2016, na Shimano wa Japani wakatoa za 10 hadi 51 mwaka 2018. Leo baskeli nyingi mpya za milimani za daraja la kati na la juu hazina hata sehemu ya kufungia kihamishi cha mbele. Kwa hiyo anayesema sproketi moja ni alama ya baskeli ya rahisi amekosea.

Lakini hayo ya gia 12 tuyaache huko huko. Mnyororo wake ni mwembamba, kaseti yake mara nyingi inataka habu ya aina yake, kihamishi chake hakikubali liva ya kampuni nyengine. Kikivunjika ukiwa Konde au Makunduchi, fundi wa kijijini hana cha kukufanyia. Faida kwetu ni kulichukua wazo lenyewe na kulitumia kwenye vitu ambavyo kila fundi ana spana yake.

Chumvi na mchanga

Huku kwetu kuna sababu ambayo matangazo ya viwanda hayaitaji. Kihamishi cha mbele ni miongoni mwa vitu vya mwanzo kufa kwenye baskeli ya pwani. Kimekaa nyuma ya krenki, chini, mahali ambapo gurudumu la nyuma linakirushia kila linachookota. Waya wake mara nyingi unapita chini ya baskeli, kwenye kipande cha plastiki kinachojaa mchanga. Wanaokwenda na baskeli ufukweni maji yakitoka, wa mwani na wa samaki wa Paje na Jambiani, wanalijua hili. Springi inashika kutu, waya unanata ndani ya ganda lake, na liva ya kushoto inakuwa ngumu mpaka mtu anaiacha.

Na hapo ndipo penye jambo ambalo napenda msomaji alitazame kwenye baskeli yake. Baskeli nyingi za "gia 21" zinazopita mitaani kwetu kihamishi chake cha mbele hakijahama siku nyingi. Mnyororo umekwama kwenye moja kati ya tatu, mwenyewe anabadilisha za nyuma tu, na maisha yanaendelea. Mtu huyo keshakuwa na baskeli ya sproketi moja, ila sproketi haikuchaguliwa naye, imechaguliwa na kutu. Ikiwa imekwamia kwenye 42, magoti yake ndiyo yanayolipa.

Unguja si Pemba

Swali la meno mangapi haliwezi kujibiwa bila kujua unakwenda wapi, na visiwa vyetu viwili havifanani.

Unguja kilele chake kiko ukingo wa Masingini, takriban mita 120 juu ya bahari, na nje ya ukingo huo sehemu kubwa ni nyepesi. Kutoka Mwanakwerekwe kwenda Tunguu, Jozani na mpaka Paje, hakuna mpando wa kumshusha mtu kwenye baskeli. Kusini na mashariki ni uwanda wa mawe, tambarare. Adui wa huko ni upepo. Anayetoka Paje kwenda Makunduchi wakati wa kusi analijua zito lake, maana linamjia usoni njia nzima. Upepo hautaki gia nyepesi kabisa, unataka gia za katikati zilizokaribiana. Kwa mtu wa Unguja asiyebeba mizigo mikubwa, mimi naona sproketi moja ya 36 au 38 na friwili yake ile ile ya 14 hadi 28 inamtosha. Na 38 inampa mita 5.56 kwenye gia nzito. Akizungusha pedeli mara 80 kwa dakika, ambayo ni kasi ya mtu aliyezoea, anakwenda karibu kilomita 27 kwa saa. Kwa 42 angekwenda kama kilomita 29 na nusu. Tofauti ipo, sikatai, lakini ni wachache wanaoshikilia mwendo huo wakiwa na kikapu nyuma.

Pemba ni habari nyengine. Kwa urefu haifiki hata mita 100 juu ya bahari, na mtu akiisoma ramani tu atadhani ni sawa na Unguja. Aliyewahi kukanyaga pedeli kutoka Mkoani kwenda Chake Chake hadanganyiki. Vilima vya Pemba ni vifupi lakini vimesimama, na havina mwisho: unashuka kwenye bonde la mpunga, unavuka, unapanda, na ukifika juu unakiona kinachofuata. Upande wa Micheweni ndiko ardhi inapotulia kidogo. Mpando mfupi na mkali unataka gia nyepesi, tena ipatikane haraka, kwa sababu unafika ghafla.

Tuseme mtu anapanda kwa mwendo wa kutembea, kilomita 6 kwa saa, sawa na mita 100 kwa dakika. Kwa gia nyepesi ya 24 kwa 28, anazungusha pedeli mara 57 kwa dakika. Huo ni mzunguko wenye afya. Akibaki na 34 ya kati na friwili ile ile ya 28, mizunguko inashuka hadi 40, na kila mmoja ni mzito zaidi kwa theluthi moja na ziada. Magoti yataona. Akiweka 32 mbele na friwili ya 14 hadi 34 nyuma, anarudi kwenye mizunguko 52. Hiyo ndiyo seti ambayo ningeanza nayo Pemba kwa mtu wa kwenda skuli, kazini au sokoni: inampa mita 1.93 kwenye nyepesi na 4.69 kwenye nzito. Anaikaribia sana gia yake nyepesi ya zamani, na kwenye tambarare anaweza kwenda kilomita 22 kwa saa bila kuhangaika.

Jaribu kabla ya kufungua

Jambo zuri ni kwamba unaweza kujua kama utaridhika bila kutumia hata senti. Weka mnyororo kwenye sproketi ya kati, na kwa wiki kadhaa usiiguse liva ya kushoto. Nenda zako zote za kawaida, pamoja na siku ya mzigo mkubwa. Angalia ni wapi ulitamani kushuka kwenye ndogo, na wapi ulitamani kupanda kwenye kubwa. Kama hapakuwa mahali, umeshapata jibu. Kama palikuwa na mpando mmoja tu uliokushinda, friwili ya meno 34 itaumaliza. Kama kila siku ulihangaika, wewe ni mtu wa sproketi tatu.

Ukiamua, kitu cha kwanza cha kutazama ni krenki. Baskeli za bei ya chini sproketi zake tatu zimepigwa ribiti pamoja, hazifunguki. Kuna watu wanaozikata kwa grainda. Sipendekezi, maana kinachobaki aghalabu kimepinda, na mnyororo utaimba kila ukikanyaga. Kuna njia bora ya bure. Toa liva ya kushoto na waya, lakini kihamishi cha mbele kiache mahali pake. Kina skrubu mbili ndogo zinazoweka mipaka ya kwenda ndani na nje. Kwenye baskeli nyingi, ukiikaza ile ya mpaka wa ndani, kizimba kinasogea mpaka kinasimama juu ya sproketi ya kati. Sasa hakihamishi tena, kinauchunga mnyororo usichomoke. Si cha kupendeza macho, lakini kinafanya kazi, na siku ukibadili nia unarudisha waya tu.

Krenki ya daraja la juu zaidi sproketi zake zimefungwa kwa boliti. Nyingi za milimani zina boliti nne, na duara linalopita katikati ya boliti hizo lina kipenyo cha milimita 104. Pima kabla ya kununua. Kwenye krenki hiyo sproketi ya 32 inaingia bila taabu. Ifunge mahali ilipokuwa ya kati, kwa sababu hapo ndipo panapotazamana na katikati ya rundo la nyuma, na mnyororo hautokwenda mshazari kupita kiasi upande wowote. Wanaosema mnyororo wa sproketi moja hukatika kwa sababu ya kupinda wasahau habari hiyo, kwani mnyororo unapinda zaidi kwenye baskeli ya sproketi tatu, mtu akiwa kwenye kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma kwa pamoja. Angalia na boliti. Zile za mwanzo zilikuwa zinabana sproketi mbili, kwa moja zinakuwa ndefu: unakaza mpaka mwisho, unadhani imeshika, kumbe sproketi inacheza. Tia boliti fupi, au tia washa, ile pete nyembamba ya chuma ya kujazia nafasi.

Kama unaweka sproketi ya meno ya kawaida, yasiyopishana nene na jembamba, usiiache bila kichungaji. Chukua kile kihamishi cha zamani kama nilivyoeleza, au funga duara la kinga upande wa nje na kizuizi kidogo upande wa ndani. Mnyororo unaochomoka ukiwa umesimama kwenye pedeli kupanda kilima unamwangusha mtu.

Nyuma, friwili ya gia 7 ya 14 hadi 34 inaingia kwenye uzi ule ule wa habu, na liva yako ya kulia inaendelea kufaa kwa kuwa saba zimebaki saba. Fundi awe na funguo ya kufungulia inayolingana na friwili ya zamani, asiipige patasi. Jua pia kwamba friwili hizi aghalabu zina mruko mkubwa mwishoni, kutoka 24 moja kwa moja hadi 34. Ukiingia kwenye 34 utahisi pedeli imekuwa tupu ghafla, kwa hiyo ingia mapema, kabla ya kilima kukukamata. Na soma kihamishi chako cha nyuma kinakubali meno mangapi. Vingi vya baskeli za kawaida mwisho wake ni 34. Ile kaseti ya 11 hadi 40 niliyoisifu huko juu inataka habu ya kaseti, liva ya gia 8 na kihamishi kinachofika 40, yaani karibu gurudumu zima jipya. Kwa mwenye baskeli ambayo tayari ina kaseti, ni hatua fupi. Kwa mwenye friwili, ni gharama ambayo aipime vyema.

Urefu wa mnyororo ndio unaoharibu kazi nzuri. Uzungushe kwenye sproketi ya mbele na kubwa kabisa ya nyuma bila kuupitisha kwenye kihamishi. Pale ncha zinapokutana, ongeza pingili mbili, moja ya ndani na moja ya nje, ukate. Ukiwa mrefu zaidi ya hapo utalegea na kupigapiga fremu. Ukiwa mfupi, siku utakayoingia kwenye kubwa ya nyuma utaking'oa kihamishi na sikio lake, yaani kile kipande cha chuma kinachokibeba kwenye fremu. Mwisho kuna skrubu ya nyuma ya kihamishi inayokisogeza mbali na sproketi. Ikaze mpaka kigurudumu cha juu kisiguse yale meno 34.

Sproketi moja inachukua kazi yote iliyokuwa ikigawanywa kwa tatu, kwa hiyo italika mapema zaidi. Chunga mnyororo. Pima kwa rula pingili 24, kuanzia katikati ya pini hadi katikati ya pini: ukiwa mpya ni milimita 305 kasoro kidogo, na ukifika 307 ubadilishe, usingoje mpaka uyale na meno ya sproketi. Baada ya kupita kwenye maji ya chumvi, osha kwa maji baridi, futa, kausha, tia mafuta kidogo.

Kuhusu uzito, mtu asifanye kazi hii kwa ajili hiyo. Vitu vyote unavyotoa havifiki kilo moja.

Na kuna mtu ambaye ningemwambia waziwazi asifanye. Ni yule wa Pemba anayebeba gunia la karafuu, au makuti, au abiria kwenye karia, kila siku, juu ya vilima vile. Pamoja na baskeli na yeye mwenyewe, kinachopanda kinaweza kupita kilo 130, na kwake yeye kila jino la wepesi lina thamani. Sproketi yake ndogo ya mbele, akiiunganisha na friwili ya 34, inampa mita 1.45 kwa mzunguko, na hakuna seti ya bei nafuu ya sproketi moja itakayomfikisha hapo. Huyo abaki na tatu zake. Anachohitaji ni waya mpya wa kihamishi cha mbele pamoja na ganda lake, kiungo kifunguliwe, kisafishwe kwa mafuta ya taa na kutiwa grisi, kazi ambayo fundi anaimaliza asubuhi moja, na irudiwe kila masika ikikaribia.